Kiti cha Mtu wa Ruashi

Waliokuwepo siku ile nawakumbuka wote, mwanangu, na niwataje kwanza, maana mzee akianza kusahau watu, kesho atasahau na makosa yake. Nilikuwepo mimi, Ngoy, kifungua mimba wa mama yetu. Alikuwepo Mwadi, dada yangu anayenifuata. Alikuwepo Kilufya, kijana wa Kambove aliyekuwa amemposa Mwadi, na mjomba wake, Baba Kalenga, mchimba shaba mwenye vidole vitatu tu kwenye mkono wa kushoto. Alikuwepo mhudumu mmoja wa kugawa chupa. Walikuwepo vijana watatu wa chama, mmoja wao mwenye daftari. Na walikuwepo mtu mmoja wa mtaa wa Ruashi na mkewe. Hao majina yao sijayajua mpaka leo.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa nane, upepo wa kiangazi ukipeperusha vumbi jekundu, na sherehe ya bia ya mji wetu ilikuwa imefika. Lubumbashi ya wakati ule ilikula kwa shaba. Moshi wa bomba kubwa ukionekana asubuhi, watu walijua mshahara upo. Lakini ilikuwa pia Lubumbashi ya chama kimoja, mwanangu, na hilo nyinyi hamkulionja. Tuliambiwa kila mtu ni mwanachama, hata mtoto aliye tumboni. Hatukuitana Bwana, tuliitana citoyen, raia. Na mtu usiyemjua akikuuliza jina lako njiani, ulimeza mate kwanza kabla ya kujibu.

Baba yetu alikuwa mtu wa reli, alikuja kutoka upande wa Mitwaba akiwa kijana. Alipofariki, mama hakumaliza mwaka. Tulibaki wanne: mimi, Mwadi, na mapacha wadogo, Kyungu na Kabange. Niliacha shule darasa la tano, nikaenda kwa Fundi Ramazani kule Kamalondo kujifunza ushonaji. Alikuwa Mwislamu wa Maniema, mtu wa maneno machache, mkasi wake haukukosea. Wakati ule suti za tai zilikuwa zimekatazwa, wakubwa wote walivaa abakost, lile koti la kufunga vifungo mpaka shingoni, na Fundi Ramazani ndiye aliyewashonea wengi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikijiona baba wa nyumba. Na kweli nilikuwa baba wa nyumba. Kosa langu ni kwamba nilitaka nionekane hivyo.

Kilufya aliandika barua kwamba mjomba wake atashuka kutoka Kambove kuja kuitazama jamaa ya binti, na kwamba mzee anapenda sana sherehe ya bia. Nikajibu haraka, bila kufikiri: waje, meza ninayo. Mwanangu, mdomo huponza kichwa. Meza gani? Meza zote zilikuwa zimeandikishwa wiki tatu kabla. Ofisi za kampuni ya shaba zilichukua zao, reli zao, benki zao, chama zake. Katikati ya kila meza palisimamishwa kibao cha karatasi ngumu chenye jina la ofisi. Sisi wengine tuliachiwa meza chache za pembeni zisizo na kibao, na njia ya kuzipata ilijulikana: uje mapema, baada ya misa ya kwanza, uwasaidie vibarua kushusha viti kwenye lori, kisha ukae juu ya kiti chako wala usiondoke hata kwa haja, mpaka mwenzako afike akushikie nafasi. Ndivyo walivyofanya watu wenye akili. Mimi nilijiambia: nitasimamaje na vibarua kushusha viti, mkwe akanikuta na jasho na vumbi?

Kwenye kibanda cha Fundi lilikuwa limetundikwa koti la kijivu la mwenyekiti mmoja wa chama. Lilikuwa karibu kwisha. Lilibaki pindo la mikono, lililoshikizwa bado kwa uzi mweupe wa kutolewa. Yule mwenyekiti alikuwa ameacha na beji yake ya chama, ili Fundi aitafutie mahali sawasawa kifuani. Ufunguo wa kibanda ulikuwa kwangu, maana mimi ndiye niliyefagia. Jumapili ile nilifungua, nikalivaa lile koti, nikabandika beji. Nilijitazama kwenye kioo. Namkumbuka yule niliyemwona mle. Nilimwogopa kidogo, nikafurahi kumwogopa.

Tulipofika kiwanjani, saa nane hivi, watu walikuwa kama siafu. Turubai kubwa, matumbuizo, moshi wa nyama za mishikaki, kreti za bia zimepangwa kama ukuta. Hapakuwa na hata ukingo wa benchi wa kuegemea. Baba Kalenga alivuta pumzi.

“Mutoto, meza yenu iko wapi? Miguu inaniuma.”

“Inakuya, baba,” nikasema. “Mungoje kidogo.”

Nikamshika mkono mhudumu aliyekuwa akipita na chupa. Sikusema mengi. Nilisema, “Ni wa chama. Natafuta meza ya batu bane.” Alitazama beji, kisha koti, na uso wake ukabadilika.

“Pole, citoyen, pole sana, sikukuona. Kuya, kuya.”

Alitupeleka pembeni, karibu na kamba ya uzio, kwenye meza isiyo na kibao. Pale walikuwa wamekaa mtu na mkewe, watu wa makamo, chupa moja katikati yao, na viti viwili vingine walikuwa wamevifunga kitambaa kuwangojea jamaa. Mguu mmoja wa yule mama ulikuwa umevimba, ameunyoosha. Mhudumu aliwainamia, akawanong'oneza. Yule mwanamume alinitazama mara moja tu. Hakunitazama usoni, alitazama beji.

“Akuna neno,” akasema. “Mama, tusimame.”

“Tangu asubui tuko hapa! Si weye njo ulishusha hivi viti ku lori?”

“Simama, mama. Ni bakubwa.”

Wakasimama. Yule mtu alifungua kitambaa chake kwenye viti, taratibu, akakikunja akatia mfukoni, akachukua chupa yake. Hawakwenda mbali, kwa sababu ya ule mguu. Walisimama nyuma yetu, kwenye kamba, hatua tatu hivi, wakingoja kama kiti kitapatikana. Nami nilikaa. Kiti bado kilikuwa na joto lao.

Mwadi hakukaa mara moja. Aliniambia kwa sauti ndogo, “Kaka, balikuwa hapa mbele yetu.”

“Ikala,” nikamwambia. “Usinifezeheshe.”

Bia ikaletwa, baridi, chupa inatoa jasho. Baba Kalenga alikunywa, akapangusa mdomo kwa vile vidole vitatu, akaanza kuniuliza mambo ya jamaa, kama ilivyo desturi ya mwenye kuja kutazama nyumba.

“Mwadi akikuya kwetu Kambove, nani atabakia na bale badogo?”

“Ni miye, baba. Mapacha, beko na myaka tisa. Baba na mama bote balikufa. Miye njo nalea. Kama siko, akuna mungine.”

Nilisema hivyo kwa sauti, kwa kujisifu, ili asikie vizuri. Aliyesikia zaidi alikuwa nyuma yangu kwenye kamba.

Hapo kipaza sauti kikalia. Mkubwa wa kufungua sherehe amefika. Viongozi wote wa mitaa waende mbele ya jukwaa, wasimame mstari, waongoze kiitikio cha chama. Kila penye turubai palisimama koti moja, mawili, wakaenda. Mimi sikusimama. Nilitazama povu la bia yangu, nikasema moyoni, sitatikisika, hawatanihesabu. Lakini kwenye mji ule wa siku zile, mwanangu, kubaki umekaa wengine wakisimama kulionekana kuliko bendera.

Walikuja watatu, vijana wa rika langu, vitambaa vya kijani mikononi. Yule wa katikati alikuwa na daftari la shule, la mistari, na kalamu imefungwa kwa uzi. Sauti yake ilikuwa ya adabu, na hilo liliniogopesha kuliko kelele.

“Citoyen, bakubwa bote banaitwa kule mbele. Weye unabakia juu ya nini?”

Nilifungua kinywa.

“Unaongoza mutaa gani?”

Nikashika chupa yangu.

“Leta karte ya chama.”

Niliingiza mkono kwenye mfuko wa koti, na mfuko ulikuwa bado haujafunguliwa, Fundi alikuwa ameushona mdomo kama wafanyavyo mafundi ili usilegee. Vidole vyangu vikagonga kitambaa. Yule kijana akaona. Akanishika pindo la mkono, akalipindua, akavuta ule uzi mweupe kwa kucha.

“Ona ginsi uyu mukubwa iko! Koti iko na uzi ya fundi bado.” Wenzake wakacheka. “Nani alikuvalisha hivi, mama yako?”

Mwadi alijikunja kama amepigwa yeye. Kilufya alitazama chini. Mimi niliwaona Kyungu na Kabange nyumbani, wamekaa kwenye kizingiti wakingoja ndizi nilizowaahidi, na giza linaingia, na mimi sifiki, na kesho sifiki. Nilijua watu ambao waliitwa kwa swali dogo kuliko hilo na wake zao wakapeleka chakula mlangoni mwa gereza mwezi mzima bila kuambiwa kama kinaliwa. Jasho lilishuka mgongoni, ndani ya koti la mtu.

Kijana akamgeukia mhudumu wetu, aliyekuwa akigawa chupa meza ya jirani. “Nani alikuambia uyu ni mukubwa?”

Mhudumu aliziweka chupa chini. Aliinua kidole polepole, kikawa kinakuja upande wangu.

“Ni miye nilimuambia.”

Sauti ilitoka kwenye kamba. Yule mtu wa Ruashi alikuwa ameshaiweka chupa yake chini, ameshakaribia.

“Uyu ni mutoto ya ndugu yangu,” akasema. “Nilicheka tu. Nilimuona na ile koti ya ku kazi yake, nikaambia ule wa chupa: mupishe mukubwa. Ni bia, citoyen. Bia njo ilisema.”

“Unacheka na mambo ya chama?”

“Nilikosa.”

“Unaikala wapi?”

“Ruashi.”

“Karte.”

Akatoa kitambulisho chake. Kijana aliandika polepole, herufi moja moja, kama mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Mhudumu alishusha kidole chake, akatazama ardhi. Daftari likafungwa. Wakaniamuru nitoe beji ile, nikatoa, wakaichukua, wakaniacha. Yeye wakamwambia: twende. Akaenda kati yao, mikono nyuma ingawa hakuna aliyemfunga, wakazunguka jukwaa, hatukumwona tena.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana hapa ndipo ninapotaka ufike. Ulimi wangu ulikuwa mzima. Miguu yangu ilikuwa mizima. Neno lililotakiwa lilikuwa fupi, “Ni mimi,” hata mtoto anaweza kulisema. Kutoka kiti changu mpaka nyuma ya jukwaa hapakuwa na hatua mia. Sikulisema. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili ya mapacha, na ilikuwa kweli, lakini uoga hupenda sana kuvaa nguo za kweli. Nilikaa kwenye kiti chake, watu wakaimba, wakapiga makofi, nami nikapiga makofi pamoja nao.

Aliyesimama alikuwa Mwadi. Alimshika yule mama mkono, akamleta. “Mama, ikala.” Yule mama akakaa, mguu akaunyoosha, macho kwenye jukwaa. Mwadi alibaki amesimama nyuma yake mpaka jua likaanza kuwa jekundu kwenye vumbi. Hakuna aliyekunywa tena. Nilimsogezea chupa ya limonadi, hakuigusa.

Mwishowe akainuka. Nikapata sauti, nikamwuliza, “Mama, alifanya vile juu ya nini? Hatujuane.”

“Alisikia unaambia uyu muzee habari ya bale mapacha,” akasema. Hakukasirika, na heri angekasirika. “Akaniambia: uyu akienda, ile nyumba imekufa. Miye nikienda, weye uko.”

Kilufya akasema watamsindikiza mpaka kwake. Alikataa kwa mkono, haraka, akitazama huku na huku. “Musinifwate. Mutu asijue kwangu.” Akaenda, akichechemea, akapotea katikati ya watu.

Baba Kalenga alitembea mbele yetu mpaka penye basi. Hapo akamwita dada yangu, akamwekea mkono kichwani. Kisha akanigeukia mimi.

“Nilikuya kutazama jamaa, Ngoy. Sikukuya kutazama viti. Binti nimemuona. Weye, bado sijakuona.”

Ndoa ilifungwa mwaka ule ule, na haikufungwa kwa sababu yangu.

Asubuhi ya Jumatatu nilimweleza Fundi Ramazani yote. Niliogopa atanifukuza. Aliliangalia koti, akalinusa, akanyoosha pindo lililovutwa uzi.

“Nguo ya kuazima haisitiri matako, ile ulikwisha kuisikia,” akasema. “Lakini ule mutu hakukuazimisha nguo, Ngoy. Alijivua ngozi yake akakuvalisha. Koti nitaisafisha miye. Beji nitamuambia mwenyewe imenipotea, nitavumilia matusi. Ule mutu je? Nani atamusafisha mu ile daftari?”

Mwenyekiti alikuja Jumanne, akamtukana Fundi juu ya beji, Fundi akainamisha kichwa. Kisha akajaribu koti, akasema linamkaa vizuri. Mimi ndiye niliyemfunga kifungo cha shingoni.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Ruashi kwa miguu kumtafuta. Nikaenda na ya pili, na ya tatu. Fundi alinisindikiza mara moja. Tulikuwa na maelezo machache: mtu wa makamo, mkewe ana mguu uliovimba, alichukuliwa kwenye sherehe ya bia. Kila nilipouliza, watu walinitazama nguo, kisha viatu, kisha wakasema hawamjui. Mama mmoja alikuwa anapepeta unga. Niliposema “alichukuliwa,” aliinua ungo wake akaingia ndani akafunga mlango, unga umebaki chini. Ndipo nilipoelewa. Kijana asiyejulikana, anayeuliza mtu anakaa wapi: kwao mimi nilikuwa mwenye daftari. Uoga ule ule niliouvaa Jumapili moja ili nipate viti vinne, sasa ulikuwa umesimama kwenye kila mlango wa Ruashi, na haukunipisha.

Mwanangu, sikusimulii haya ili uwacheke watu wa zamani. Sherehe zipo mpaka leo, na viti havitoshi mpaka leo, na mtu atakuja kukuambia: wewe taja jina la fulani tu, utapishwa. Usitaje. Kama unataka kiti, amka mapema, beba viti na vibarua, utokwe na jasho, ukae palipo haki yako. Usipopata, simama, aliyesimama hakuvunja heshima ya mtu, na mkwe wa kweli atasimama nawe. Na utakapowaona watu wanakupisha haraka sana, bila kukutazama machoni, usifurahi. Jiulize wanaogopa nini. Mtu anayepishwa kwa uoga amekalia moto, hata kama kiti ni cha mbao.

Na siku utakapokosea, maana utakosea, neno lako la kusema ni lile fupi. Liseme kabla mwingine hajalisema kwa niaba yako. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi wajukuu ninao saba, na huyo wa majuto bado ndiye ninayelala naye.

Mungu akuongoze uketi mahali ambapo hakuna aliyeinuka kwa hofu yako. Akupe ulimi mwepesi wa kukiri na mgongo mgumu wa kubeba. Nyumba yako isikose mkubwa, na mkubwa wake asikose haya. Amina.

Mimi mwenzio sijamaliza. Hakuna aliyeniambia kama yule mtu alirudi kwake. Kila mwaka, kiangazi kikiingia, napanda basi la Ruashi. Mji umekua, nyumba za matofali zimejaa hata mahali palipokuwa pori, na wanaonijibu siku hizi ni vijana kama wewe, wasioogopa kuulizwa. Wananisikiliza kwa adabu, wananiuliza jina lake, nami sina jina la kuwapa.